Jucileide wa Servidores na neno lililofungwa kwenye bisibisi

Jua la mchana la Caicó, kaskazini-mashariki mwa Brazil, halina adabu. Mbwa wamejibanza chini ya magari, wauza jibini wamefunika mali yao kwa vitambaa vilivyoloa, na mtaa mzima umefunga milango mpaka joto lilegee. Mlango mmoja tu uko wazi. Ndani, mwanamke aliyebana nywele kwa kibanio cha nguo ameinamia kompyuta iliyofunuliwa tumbo, bisibisi kaishika kwa meno kama fundi cherehani na pini zake.

Mpini wa bisibisi umefungwa uzi mwekundu.

Anapoiweka mezani, mteja mmoja ananyoosha mkono aiazime, akaze skrubu ya miwani.

"Chukua nyingine," anasema Jucileide Dantas, mwenye duka, bila kuinua kichwa. "Hiyo usiiguse. Hapo limefungwa neno langu."

Mteja anarudisha mkono. Huku kwao, nchi kavu ya Seridó, mtu akikwambia hivyo hubishani.

Mezani mbele yake kuna prosesa mbili, ule ubongo wa kompyuta, na leo kabla jua halijazama lazima achague moja. Ya kulia ni pana kama biskuti. Imetoka kwenye seva. Ilipiga kazi China, kwenye jumba la kompyuta ambazo hazizimwi usiku wala mchana, mpaka wakaistaafisha, wakaiuza kwa bei ya chee, ikavuka bahari imeviringishwa kwenye sponji. Ina viini kumi na vinne, kila kimoja kama fundi wa peke yake. Ya kushoto ni ndogo, mpya, prosesa ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Ina viini sita.

Mtu asiyejua atasema hapo hakuna cha kuchagua. Kumi na nne si sita. Caicó nzima inasema hivyo.

Na aliyeifundisha Caicó kusema hivyo ni Jucileide mwenyewe.

Angalia kibao chake mlangoni. Herufi kubwa za bluu: JUCILEIDE WA SERVIDORES. Kwa Kireno neno servidor ni moja, watu wawili. Kuna servidor kompyuta, ile kubwa inayohudumia kompyuta nyingine, yaani seva. Na kuna servidor binadamu, mtumishi wa serikali, yule wa kukaa nyuma ya dirisha la ofisi na muhuri wake, mshahara unaingia mvua inyeshe isinyeshe.

Mama yake, Dona Nevinha, alitaka binti awe huyo wa pili. Amekaanga maandazi ya viazi mlangoni kwake maisha yake yote, akiomba kwa Sant'Ana, mama yake Bikira Maria na msimamizi wa mji, kitu kimoja tu: Juci apasi mtihani wa serikali. Juci alifanya mtihani mara moja. Hakuurudia.

"Nilifika swali la tatu nikaanza kufikiria feni ya kompyuta ya msimamizi," anasema. "Ilikuwa inalia. Nilijua kabisa imejaa vumbi. Sikuweza kusoma tena."

Siku alipotundika kibao, Dona Nevinha aliwaambia majirani: "Binti yangu sasa yuko na ma-servidor." Majirani wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo akaja mzee mmoja na bahasha ya pensheni yake, akakaa kwenye benchi, akasubiri zamu.

"Nilimwambia, babu, hapa ni kompyuta tu. Akasema sawa, basi iulize hiyo kompyuta. Nikaiuliza. Tukaijaza fomu yake pamoja, mpaka leo akipita ananiita Daktari."

Hakuanzia kwenye kompyuta. Alianzia kwenye kiwanda cha kofia. Caicó ni mji wa kapelo na darizi, kila nyumba ya pili ina cherehani, na Juci akiwa msichana kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zinazoning'inia ndani ya kofia. Kazi ya mkasi. Wapo waliozeeka nayo. Yeye jicho lake lilikuwa kwenye ile kompyuta ya pembeni iliyokuwa inazilisha mashine za kudarizi michoro. Ikizima, kiwanda kizima kinakaa chini kinakula jibini. Siku moja ilizima, fundi yuko mji wa Natal, haji mpaka keshokutwa. Juci akaifungua, akakuta mjusi amekufa kwenye feni. Akamtoa kwa mkasi wa nyuzi. Kompyuta ikawaka.

"Umaarufu wangu wote umeanzia kwa mjusi," anasema. "Watu wana nyota, mimi nina mjusi."

Mwenye kiwanda wakati huo alikuwa baba yake Wescley. Sasa kiwanda ni cha Wescley mwenyewe, jamaa mnene, mcheshi, mdomo haufungi. Huyo ndiye aliyempa Juci nafasi ya kwanza ya kutumia prosesa ya seva. Wescley alitaka kupiga picha za kofia bila kuzishona: anachora kapelo kwenye kompyuta, inageuka mbele na nyuma, mteja wa São Paulo anaiona kama iko mkononi. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa inachukua siku nzima kutoa picha moja. Prosesa mpya ya nguvu hiyo bei yake ilikuwa ya pikipiki.

Juci akaagiza ya seva, iliyotumika. Bodi yake nayo imeungwaungwa kwa vipande vya bodi nyingine, hazijulikani ukoo. Mji mzima ukamcheka. Fundi mmoja wa mji wa Patos akasema mtoto huyu atachoma kiwanda cha watu.

Hakikuungua. Picha zikawa zinatoka kabla kahawa haijapoa. Wescley akaanza kutembea mjini akijigamba, "Mimi nina kumi na nne," kama mtu anayehesabu ng'ombe. Mwenye studio ya muziki akataka. Mpiga video za harusi akataka. Juci akawa anawapandishia prosesa za seva mmoja baada ya mwingine, zote mpaka leo zinapumua. Mwezi mzuri anapata kiasi cha reais elfu tatu, pesa ya Brazil, mwezi mbaya nusu ya hapo, lakini haombi mtu chumvi na paa la mama yake alilibadilisha kwa mikono hiyohiyo.

Ana kiburi? Anacho. Hakifichi.

"Mimi ndiye nimeleta seva Caicó," anasema. "Andika hivyo hivyo, usipunguze."

Sasa ndiyo uje kwenye uzi.

Dona Ivanilda ni mkubwa wa wadarizi wa mtaa wa nyuma ya kanisa. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba, akikuangalia unahisi ametazama mishono ya shati lako. Kikundi chake hudarizi kwa mkono na kwa mashine. Mwaka huu wamepata kitu ambacho hawajawahi kukipata: bendera ya sikukuu ya Sant'Ana. Sikukuu yenyewe ni Julai, watoto wa Caicó waliotawanyika Brazil nzima hurudi nyumbani, na bendera hutangulia mbele ya maandamano. Miaka yote ilikuwa ikidariziwa na wanawake wa Timbaúba, mji jirani. Mwaka huu padri kasema Caicó ijaribu. Neno lake lilikuwa hilo, ijaribu. Wakishindwa, inarudi Timbaúba, na haitatoka huko tena.

Halafu kompyuta yao ikaanza kufa. Ile inayogeuza mchoro kuwa mishono. Ukiiambia ipunguze ua moja, inaganda, inakaa kama imepigwa butwaa, mwishowe inazima na kazi yote inapotea.

Wakachangishana. Jumapili, watu wanatoka misa, Dona Ivanilda akamkamata Juci kwenye ngazi za kanisa mbele ya kila mtu.

"Juci, mwanangu. Nataka ile ya servidor. Kama ya Wescley."

Na Juci, kifua mbele, watu wote wanamtazama, hakuuliza swali hata moja. Akasema: "Utaipata, Dona Ivanilda. Viini kumi na vinne. Neno langu."

Zamani wanaume wa Seridó wakiwekeana ahadi waling'oa unywele mmoja wa sharubu, wakapeana. Karatasi hakuna. Wadarizi hawana sharubu, wana uzi. Dona Ivanilda akatoa uzi mwekundu mfukoni, akaomba kitu cha kazi cha Juci. Juci akampa bisibisi, maana haiachi hata kanisani. Dona Ivanilda akaufunga pale kwenye mpini, akaukaza kwa meno. Uzi wa namna hiyo haukatwi mpaka neno litimie. Ukikatwa kabla, kila mtu anajua maana yake.

"Aliyekatiwa uzi hapa anaweza kuhama," anasema Dona Nevinha, anageuza andazi kwenye mafuta. "Mjomba wake Juci alihamia mji wa Mossoró. Kisa neno la ng'ombe mmoja tu."

Shida ilikuja baadaye. Juci alikwenda kwa wadarizi kuhamisha michoro yao, akakaa kwenye kigoda, akaitazama ile programu inavyofanya kazi. Akatazama tena. Akaacha kuhamisha michoro.

"Mshono wa pili huwezi kuuhesabu kabla ya wa kwanza," anaeleza. "Unaanzia pale wa kwanza ulipoishia. Wa tatu unausubiri wa pili. Kwa hiyo programu inakwenda mshono kwa mshono, kiini kimoja tu ndicho kinapiga kazi. Vingine vimekaa. Na hii ya seva, kiini kimoja kimoja ni cha polepole. Nguvu yake ni wingi. Kofia za Wescley unaweza kuzigawa vipande, kila kiini kipande chake. Sant'Ana hagawanyiki."

Hapo ndipo alipojua alisema neno mapema. Kwenye ngazi za kanisa. Mbele ya watu.

Angeweza kunyamaza. Prosesa ya seva anayo kwenye boksi, tena ziko nyingi. Angewafungia, neno limetimia, uzi unakatwa kwa heshima. Kompyuta ingekuwa bora kidogo kuliko ile maiti yao, basi. Bendera ingechelewa, lakini nani angejua ni prosesa? Wangesema ni programu, ni joto, ni umeme.

"Mimi ningejua," anasema.

Wescley anaingia dukani muda huohuo, jasho linamtiririka, anajipepea kwa kofia. Anaziona prosesa mbili mezani na anaelewa hapohapo.

"Usiniambie unataka kuwapa hako kadogo."

"Nafikiria."

"Juci. Uliahidi kumi na nne, unawapelekea sita, na bei karibu ileile. Watasema umewala pesa. Mimi mwenyewe nitasema."

"Wewe unasema hata mtu asipoliwa kitu."

"Na kibao je? Utaandika nini, Jucileide wa Vidogo?"

"Nitaandika Wescley anadaiwa kazi, aondoke dukani kwangu."

Wescley anacheka, anakaa kwenye benchi. Haondoki. Dona Nevinha anamletea andazi kisha anamgeukia binti yake, uso hauna mzaha.

"Neno ni neno, Juci."

"Najua, mama."

"Kama unajua, mbona umekaa?"

Juci anasimama. Anazipachika prosesa zote mbili, kila moja kwenye mashine yake, anazipakia kwenye mkokoteni wa maandazi wa mama yake. Anamwambia Wescley asukume, mwili huo usikae bure. Anaichomeka bisibisi nyuma ya sikio, uzi unaning'inia.

Nyumba ya wadarizi ina chumba kimoja kirefu, feni ya dari inazunguka kwa uvivu, na mezani kuna vitambaa vyeupe vinavyoumiza macho. Wanawake wanaacha kazi. Dona Ivanilda anaitazama mashine ya kwanza, anaitazama ya pili.

"Nimelipia moja."

"Nimeleta mbili, Dona Ivanilda. Kwanza utazame. Halafu useme."

"Nitazame nini? Neno lilikuwa moja."

"Nitazamie hilo neno basi."

Dona Ivanilda anavuta kiti, anakaa, mikono kifuani. Hiyo ndiyo ruhusa.

Juci anawasha zote mbili. Ya seva inaanza kwa kelele, feni zake zinavuma, mapazia yanatikisika. Mdarizi mmoja kijana, Edilza, anajishika kifua.

"Mama yangu, inataka kuruka."

"Hiyo ndiyo yetu," anasema mwenzake kwa fahari. "Sikia nguvu."

"Sikia bili ya umeme," anasema Wescley, halafu anakumbuka na ya kwake ni hiyohiyo.

Ile ndogo imewaka pia, ila haisikiki. Wanafikiri imekataa.

Juci anafungua mchoro uleule kwenye zote mbili. Ni Sant'Ana mwenyewe, bibi mzee ameketi, anamfundisha Maria mdogo kusoma, na pembeni maua ya pamba yamezunguka. Anaipa kila mashine amri moja: geuza kuwa mishono. Kisha anarudi nyuma, anaweka mikono mfukoni.

Wadarizi wanawekeana dau. Dau ni sahani ya chouriço, kile kitamutamu cha damu ya nguruwe na korosho ambacho wanaume wa Seridó wanapigania. Karibu wote wako kwa ya seva. Edilza peke yake anaiwekea ndogo, kwa sababu, anasema, na yeye ni mfupi.

Kwenye skrini ya ile ndogo mishono inatambaa. Mkono wa Sant'Ana. Kitabu. Pindo la gauni. Ua la kwanza, la pili, mduara mzima. Imekwisha. Inakaa pale kimya, kama mtoto aliyemaliza hesabu zake.

Ya seva imefika kwenye kiwiko.

Feni za seva zinavuma. Wanasubiri. Inafika kwenye kitabu.

"Labda imeanza kusoma," anasema Edilza.

Hapo Juci anasogea, anafungua ukurasa unaoonyesha kila kiini kinafanya nini. Vijisanduku kumi na vinne. Kimoja kimejaa mpaka juu. Vingine vyote viko chini, vitupu.

"Haya ni madirisha," anawaambia. "Mmeingia ofisini, madirisha kumi na manne. Liko wazi moja. Wengine wamekaa."

"Wanakunywa kahawa," anasema mdarizi mmoja.

"Ofisi ya pensheni hiyo," anasema mwingine. "Namjua hata huyo wa dirisha la mwisho."

Kicheko kinapasuka. Wescley anapiga paja. Hata walioshindwa dau wanacheka. Juci peke yake hacheki, anamtazama Dona Ivanilda, naye hacheki.

"Na neno?" anauliza Dona Ivanilda. Kicheko kinakatika.

"Neno ni langu," anasema Juci. "Ukisema ya seva, naiacha hapahapa, naifunga vizuri, na ikiharibika nakuja bure. Nitakuwa nimetimiza. Lakini nitakuwa nimekuharibia sikukuu. Nilisema kabla sijatazama. Nilitaka kusikika pale kwenye ngazi, na nikasikika."

Dona Ivanilda anafanya kitu ambacho kila mdarizi wa Caicó hufanya akiletewa kitambaa cha mtu. Hasifu mbele. Anasema: "Geuza. Nionyeshe nyuma."

Wageni hawalijui hili. Darizi ya Caicó haipimwi mbele, mbele kila mtu anaweza kudanganya. Inageuzwa. Nyuma pakiwa na mafundo na nyuzi zilizorukaruka, kitambaa hakinunuliwi, hata kama mbele kuna malaika.

"Nyuma ya hii ndogo," anasema Dona Ivanilda. "Usinifiche fundo."

Juci anaisogelea ile ndogo. Anamgeuzia.

Anamwambia hii ndogo inapokea memori kiasi, si kama ile. Siku wakifungua michoro mikubwa mingi kwa pamoja itabanwa. Wakikaa watu wengi kuitumia kwa wakati mmoja, itachoka, ile kubwa haitachoka. Na kwa pesa hiyohiyo wanapata viini pungufu kuliko nusu, hilo ni kweli, halifichiki, na mjini watu watasema.

"Nyuma ya hii kubwa?"

Inakula umeme kama tanuri. Chumba hiki Novemba hakitakalika. Bodi yake imeunganishwa kwa vipande, ikifa, kuipata nyingine ni kuagiza China na kusubiri. Yenyewe haiwezi kutoa picha kwenye skrini, lazima uinunulie kadi ya picha pembeni. Na dirisha lake moja moja ni la polepole.

"Hiyo uliyonisifia kwenye ngazi za kanisa."

"Hiyohiyo."

"Hukunigeuzia siku ile."

"Sikugeuza."

Dona Ivanilda anainuka. Ananyoosha mkono. "Lete bisibisi."

Juci anaitoa nyuma ya sikio. Anampa. Mdarizi mmoja, bila kuambiwa, anasukuma mkasi mezani mpaka mbele ya Dona Ivanilda. Wescley anaangalia sakafu. Kila mtu pale anafikiria mjomba wa Mossoró.

Dona Ivanilda anausogeza mkasi pembeni. Anachukua sindano kwenye kola ya gauni lake, anashusha miwani, anaanza kulifumua lile fundo. Pole pole, uzi usikatike. Alilikaza kwa meno, kwa hiyo linamtesa. Ya seva inavuma, imefika kwenye ua la kwanza.

Fundo linaachia. Uzi uko mzima.

"Mdarizi anayefumua mwenyewe kabla hajaambiwa, huyo namwachia kitambaa changu," anasema. "Asiyefumua kamwe ni mwongo. Wote tunafumua."

Anauzungusha uzi kwenye ile mashine kubwa, kwenye mshikio wa boksi lake, anaufunga upya. Anaukaza kwa meno.

"Ndogo inabaki hapa. Na neno halijafa, Juci, usishangilie. Uliniahidi ya servidor, nitaidai. Umesema ni nzuri watu wakiwa wengi?"

"Wakiwa wengi haina mpinzani."

"Basi tutakuwa wengi. Kaitunze."

Edilza anakula chouriço ya watu wote jioni hiyo, anagawa kwa masharti. Wescley anaurudisha mkokoteni na mashine kubwa juu yake, uzi mwekundu unapepea, na kila anayemwona njiani anauliza. Kila anayeuliza anaambiwa. Mdomo ule kwa mara ya kwanza unamsaidia Juci.

Siku zimepita, na sasa hivi bendera iko mezani kwa wadarizi, imefika kwenye maua. Wanabadilisha mchoro wanavyotaka, hakuna kinachoganda. Padri kapita, kasimama, kaomba wamgeuzie nyuma. Wamemgeuzia. Hakusema "ijaribu" tena. Timbaúba nao wamesikia, wametuma mtu, lakini si kwa ajili ya ugomvi. Wana michoro yao ya miaka na miaka, wana kompyuta mbovu kama ile ya Caicó, wanauliza Juci anafanyaje.

Na hapo ndipo alipo sasa. Anataka kuiweka ile mashine kubwa dukani kwake, pale penye ukuta wa baridi, na kuvifungulia njia vikundi vyote vya wadarizi wa Seridó: Caicó, Timbaúba, Jardim, yeyote. Kila kikundi kinatuma mchoro wake, kila mchoro unapata kiini chake, wanageuziwa wote kwa wakati mmoja. Mshono haugawanyiki, lakini wanawake wako wengi. Mchoro mmoja mmoja utakwenda polepole, sawa, ila hakuna atakayesubiri zamu ya mwenzake. Na anayetaka mbio, anunue ndogo, Juci atamfungia. Atamgeuzia nyuma kwanza.

Kibao hajakibadilisha. Amekipaka rangi upya, bluu ileile, herufi zilezile. Wescley alimletea cha utani, kipande cha mbao kimeandikwa JUCILEIDE WA VIDOGO. Amekitundika chooni.

Dona Nevinha ameelezwa mpango wote akiwa anapepeta unga. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza madirisha ni mangapi, akauliza tena foleni itakaa wapi.

"Kwa hiyo mwishowe unafungua ofisi ya serikali," akamwambia binti yake. "Mungu hamtupi mja wake."

"Ofisi, mama. Ila hii madirisha yote kumi na manne yatakuwa wazi."

"Na kahawa?"

Juci akaichomeka bisibisi nyuma ya sikio, mpini mtupu, alama ya uzi bado imebaki kwenye plastiki.

"Kahawa utauza wewe, hapo mlangoni."